Alikalishwa Kitako Mara Tano: kisa cha kijana, bangi na vikao vinne

Kabla hajafika kwangu, Sudi alikuwa ameshakalishwa kitako mara tano. Mama yake alizihesabu kwa vidole, pochi ameibana kwapani. Kwanza baba, kwa simu kutoka Tunduma, spika ikiwa wazi ili wapangaji wa vyumba vingine nao wajue kwamba mtoto ana mzazi. Pili baba mdogo, aliyetoka Chanika kwa kazi hiyo tu. Halafu mwalimu wa nidhamu, halafu ustadhi aliyemfundisha juzuu utotoni, na wa mwisho mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye hakuzunguka: alimtajia jela.

"Wote wamesema naye vizuri, dada," mama alisema. "Yeye anaitikia tu. Sawa. Sawa. Jioni anarudi ananuka."

Mimi nilikuwa wa sita.

Ninaandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu tunaokaa na vijana wanaotumia vilevi, na kwa wazazi na walimu wanaotuletea vijana hao. Sudi si jina lake. Nimebadili mambo ambayo yangemtambulisha, na yaliyobaki ameyasoma mwenyewe akakubali, kwa sharti moja nitakalolitaja mahali pake.

Alivyofika

Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu katika shule ya kata upande wa Mbagala. Mama anauza chapati na maharage kuanzia alfajiri. Baba ni dereva wa lori, na siku anazolala nyumbani kwa mwezi hazizidi sita. Sudi ni wa pili kati ya watoto wanne. Mwezi Februari mwalimu wa zamu aliwakuta watatu nyuma ya vyoo na kijiti kimoja. Wenzake waliruka ukuta, yeye akabaki amesimama. Shule ilimsimamisha wiki mbili na kuandika kwamba atapokelewa akirudi na barua ya mnasihi inayothibitisha kuwa "ameacha". Neno hilo lilinikaa kooni tangu siku ya kwanza, maana vikao vyangu ni vinne na wiki alizopewa ni mbili.

Watu huuliza kwa nini vinne. Sehemu ya jibu ni ufukara: tuko wanasihi wawili, foleni ni ndefu, na mama wa aina hii akija kwetu siku hiyo hauzi. Vijana wengi tunawaona mara moja tu, hawarudi. Sehemu nyingine ni ushahidi. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa vijana 600 wenye matatizo ya bangi, waliogawanywa katika aina tano za tiba. Baadhi zilikwenda karibu miezi mitatu na kuhusisha familia nzima. Iliyokuwa fupi kuliko zote ilikuwa na vikao vitano, viwili vya ana kwa ana na vitatu vya kikundi, nayo haikuachwa nyuma na zile ndefu. Kwa upande wa gharama ilikuwa miongoni mwa zilizolipa zaidi. Tangu niliposoma hayo sioni haya kusema vinne.

Ufupi huo lakini una mipaka. Kijana anayevuta au kujidunga unga, yaani heroini, anayeamka na arosto, yale maumivu ya kuikosa, hatumshughulikii kwa maongezi ya saa moja. Tunamwelekeza kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huduma iliyoanza Muhimbili Februari 2011 na ambayo kwa watu wa upande wetu iko pia Temeke. Anayesikia sauti, anayeamini watu wanamfuata, anayetaja kujiua, huyo ni hospitali siku hiyohiyo. Bangi yenyewe inaweza kumfungulia mlango wa ugonjwa wa akili kijana ambaye tayari ana uwezekano huo, na kadiri inavyokuwa kali, kama hii wanayoiita skanka, ndivyo ninavyouliza kwa makini zaidi. Niliuliza yote hayo. Kwa Sudi hapakuwa na unga, wala kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, wala sindano, wala sauti, na kwenye ukoo wa pande zote mbili mama hakukumbuka mgonjwa wa akili.

Kikao cha kwanza, nilichodhani kilikwenda vizuri

Sudi alinipa shikamoo, nikaipokea. Tulipofundishwa tuliambiwa kwamba mnasihi na mteja ni watu wawili walio sawa. Sijui waliotunga somo hilo wangeifanyaje shikamoo. Mimi huipokea, kisha naomba ruhusa ya kila ninachotaka kuuliza. Kijana wa kwetu akiombwa ruhusa na mtu aliyetoka kumwamkia hushtuka kidogo, na mshtuko huo ni mtaji.

Mama alikaa dakika kumi za mwanzo. Mbele yake nilieleza yatakayobaki chumbani na yatakayotoka. Nitavunja siri kijana akitaka kujiua, akitaka kumdhuru mtu, au nikigundua kuna mtu anayemdhuru yeye. Bangi haimo. Mama aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Nikamwambia amesikia sawasawa, kwa sababu nikimletea habari za leo, kesho sitakuwa na habari. Akatoka, ingawa alikaa kwenye benchi la karibu zaidi na mlango.

Tulipitia ASSIST, dodoso la maswali manane la Shirika la Afya Duniani. Liliundwa kwa watu wazima, kwa hiyo kwa kijana wa miaka 17 nalitumia kufungua maongezi kuliko kutoa hukumu. Kwa bangi Sudi alipata alama 19. Alama 4 hadi 26 ni hatari ya wastani, na hapo ndipo unasihi wa muda mfupi hufaa. 27 kwenda juu ni wa huduma nzito zaidi.

Ngoja nizichambue hizo 19, kwa sababu zitarudi. Alama 4 ni za kuvuta kila wiki, siku tatu au nne. Alama 5 ni za hamu kali inayomjia kila wiki. Alama 4 ni za tatizo lililotokea mara moja au mbili, yaani kukamatwa pale chooni. Alama 6 ni kwa sababu ndugu na watu wengine wameonyesha wasiwasi juu yake ndani ya miezi mitatu. Swali la kushindwa kufanya yanayotarajiwa kwake kwa sababu ya bangi alilijibu hapana. Vipindi anavyokosa, alisema, havikosi kwa sababu hiyo. Swali la kujaribu kupunguza akashindwa alilijibu hapana pia, maana hajawahi kujaribu. Karibu theluthi ya alama zake ilitoka kwenye hofu ya wengine, na hakuna hata alama moja iliyotokana na yeye kutaka kuacha. Hayo yote yalikuwa mbele yangu kwenye karatasi. Nilijumlisha tu, nikapiga mstari chini.

Wala sikumwuliza hivyo vipindi anavikosa kwa sababu gani.

Sudi ana kigugumizi. Nilikiona dakika ya kwanza, nikakiandika kwenye fomu mahali palipoandikwa "mengineyo". Sharti lake ni kwamba nisimwandike akikwama, nisirudierudie herufi ili msomaji aone au acheke. Kwa hiyo kila alichosema humu kimeandikwa kimenyooka. Msomaji aongeze muda mwenyewe.

Nilipomwuliza anavuta kwa ajili ya nini hasa, alianza kujibu, akakwama mwanzoni mwa neno linaloanza na "ma". Shingo ilimkaza, macho yakaenda dirishani. Nikamwonea huruma, nikamsaidia: "Marafiki?"

Akatua. "Sawa," akasema.

Nikaandika kwenye jalada: shinikizo la rika. Tukaagana vizuri, na kwa kikao cha pili nilishaandaa zoezi la namna ya kukataa ukiombwa na marafiki.

Kikao cha pili

Alichelewa dakika ishirini na tano. Nilimuuliza habari za wiki, akasema sawa. Nilimuuliza kama amefikiria tuliyozungumza, akasema sawa. Zoezi langu la kukataa lilikuwa mezani, limepigwa chapa, na nilianza kulieleza kwa ile sauti ambayo wote tunaijua, sauti ya mtu mzima anayejitahidi kutokuwa mkali. Nilieleza kama dakika tano. Sudi alikuwa akinitazama kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyonishtua, kwa sababu nilikumbuka vidole vya mama yake. Huyu alikuwa ameshakaa hivi mbele ya watu watano. Mimi nilikuwa kidole gumba cha mkono wa pili.

Nikaikunja ile karatasi. Nikamwambia, "Naona wiki iliyopita kuna kitu nilikosea. Naomba unisahihishe."

Jibu lake lilikuja baada ya muda mrefu. "Hata wewe unanimalizia, madam."

Nilitamani kuomba msamaha palepale, kueleza, kujitetea, na nadhani kunyamaza kwangu ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya siku hiyo. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe, akaenda mpaka sauti ikapotea. Sudi akaendelea. Ile sentensi moja ilichukua karibu nusu dakika, na nusu dakika chumbani ni ndefu kuliko mtu anavyofikiri. Neno alilotaka kusema wiki iliyopita, lile la "ma", lilikuwa "maongezi". Anavuta kwa ajili ya maongezi.

Nilimwomba anieleze. Kikao kilibakiwa na dakika ishirini, akazitumia zote.

Kidato cha pili mwalimu wa Kiingereza alikuwa akiwasomesha kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa kufuata madawati. Sudi alikuwa anahesabu madawati yaliyobaki kabla ya zamu yake. Darasa lilicheka mara moja tu, anasema, wala halikucheka sana, lakini tangu siku hiyo kipindi hicho akawa anakikosa. Ndiyo vile vipindi ambavyo havikosi kwa sababu ya bangi. Akivikosa hukaa karibu na kibanda umiza kimoja, kabla mechi hazijaanza, na pale pana kijiwe. Kijiti kinazunguka. Anayekishika anaongea, wengine wanangoja, na kwa kuwa wote wameshavuta hakuna mwenye haraka. "Pale wote wanaongea polepole," alisema. "Mimi nikiongea, ni kama wao."

Niliwahi kusikia vijana wakisema bangi inalainisha ulimi, na kama Sudi angesema hivyo ningelielewa upesi na kuliweka kwenye mafungu yangu. Alichosema ni kingine. Bangi haikumwongezea yeye mwendo. Iliwapunguzia wengine. Kijiwe ndipo mahali pekee mjini ambapo mwendo wake ni wa kawaida, na sisi sita tuliomkalisha kitako tulimtaka aondoke hapo aje kwetu, tunakozungumza kama makondakta wa daladala.

Jioni ile nilifuta "shinikizo la rika". Ni neno linalotupendeza kwa sababu linafaa kila mahali. Linamwondolea lawama mzazi, linamwondolea mwalimu, na linampa mnasihi zoezi lililokwisha kuandikwa.

Kidogo kuhusu mbinu

Namna hii ya kuzungumza, ambapo mnasihi anamsikiliza mtu hadi mtu huyo ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, ilianza kuandikwa na mwanasaikolojia Mmarekani William Miller mwaka 1983, kwa walevi wa pombe, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Ninachokipenda ni ilivyozaliwa. Miller alikuwa Bergen, Norway, akiwaonyesha wanasaikolojia vijana jinsi anavyozungumza na mteja. Wao wakawa wanamkatiza: kwa nini umeuliza hili, kwa nini hukuuliza lile, ulikuwa unafikiri nini uliponyamaza? Akalazimika kutafuta maneno ya jambo alilokuwa akilifanya bila kulitaja. Yaani mbinu yenyewe imetokana na mkubwa kusahihishwa na wadogo zake.

Kwetu jambo hilo ni gumu, na lugha yenyewe inatutega. Kazi hii tunaiita ushauri nasaha. Nasaha ni maneno mema yanayotoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua, na mzazi anayemleta mwanawe anatarajia aione ikitolewa, kwa wingi, ikiwezekana mlango ukiwa wazi. Mama Sudi baada ya kikao cha pili aliniuliza, kwa upole, kama nimeshaanza kumpa. Nilimjibu bado. Ni kweli, nilikuwa sijaanza, na sikukusudia kuanza.

Kikao cha tatu

Nilimwomba aniambie, kuanzia sifuri hadi kumi, kupunguza bangi kuna umuhimu gani kwake. Akasema nne. Na akiamua, anaweza kiasi gani? Saba.

Hapa mnasihi mchanga huuliza kwa nini nne tu, kwa nini si kumi. Ukiuliza hivyo kijana atakutajia faida zote za bangi, na kila atakayoitaja atakuwa ameiimarisha kwa kinywa chake. Mimi niliuliza kwa nini nne na siyo moja. Nikangoja. Sasa kungoja nilikuwa nimekuzoea. Niliweka mikono chini ya meza ili isijitingishe.

Alitaja matatu. Mia tano anayopewa ya kula shuleni inaishia kwenye kijiti, na saa nane mchana njaa inamtafuna. Akivuta baada ya kusoma usiku, asubuhi hakumbuki alichosoma, na mwaka kesho ni mtihani wa kidato cha nne. La tatu alilisema akitazama sakafu: mdogo wake wa darasa la tano ameanza kuiga anavyotembea akitoka kijiweni, kwa mzaha, na nyumba nzima inacheka.

Mwenyekiti alimtajia jela, ustadhi alimtajia kiyama, baba yake alimtajia aibu ya ukoo. Hakuna aliyemtajia mdogo wake.

Nilimwuliza kama ninaweza kumwambia ninachojua kuhusu bangi na kumbukumbu. Aliponiruhusu nilimweleza kwa sentensi mbili kwamba inasumbua hasa kushika jambo jipya, na kwamba ubongo wa umri wake bado unajengeka. Kisha nikamwuliza yeye anaonaje. Kuhusu kigugumizi sikumpa somo. Nilimwuliza tu kama akivuta kinapungua. Alifikiri. Akasema mwezi uliopita alimpigia baba yake simu akiwa amevuta, akakwama palepale anapokwama siku zote, kwenye "baba". Ndipo likatoka jambo ambalo familia haikulijua. Neno "baba" humshinda mwanzoni, kwa hiyo kwa miaka kadhaa amekuwa akimtaja baba yake kama "yule". Yule amefika? Yule amepiga? Baba kwa upande wake amekuwa akimwadhibu kwa utovu wa adabu.

Nikauliza ni wapi hakwami kabisa. Akasema kwenye qaswida. Na zamani kwenye kisomo cha pamoja madrasa, hajawahi kukwama hata mara moja. Hilo watu wenye kigugumizi wengi watakwambia: wakiimba, au wakisoma pamoja na wengine, ulimi unafunguka. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache na mimi si mmoja wao, lakini kitu hicho kilikuwa mkononi mwake tayari. Aliamua kumwandikia mwalimu wa Kiingereza mistari mitatu, akiomba asome pamoja na mwenzake wa dawati moja, na aambiwe siku moja kabla ni aya ipi. Niliona rasimu. Nilirekebisha tarehe tu.

Kuhusu bangi alichagua kutovuta kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Kijiweni ataendelea kwenda. Hapo palimpa wasiwasi mmoja, akausema kwa tabasamu la kwanza nililoliona kwake: "Nikiwa sijavuta, mimi ndiye nitakuwa na haraka."

Mwenzangu wa ofisini alipolisoma jalada hakufurahi. Alisema kukubali siku tatu za kuvuta ni kumbariki kijana katika kosa la jinai, na kwa sheria yuko sahihi: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina Ijumaa. Hilo nilimwambia Sudi waziwazi, kwamba akikamatwa Jumamosi mpango wetu hautamtetea mbele ya askari. Lakini kijana ambaye hajawahi kujaribu hata siku moja, ukimdai aache yote leo, atakupa lile neno lake. Sawa. Nilishalisikia vya kutosha.

Kikao cha nne

Baba alikuwa amerudi kutoka safari. Sudi alikubali aje nusu ya pili, na kabla ya hapo tulikubaliana ni nini kisemwe na nani. Alitaka suala la "yule" niliseme mimi.

Nililisema. Baba ni mtu wa maneno mengi, mcheshi, aliyezoea kuongea juu ya mlio wa injini. Alinyamaza. Mama ndiye aliyevunja kimya: "Babu yake wa Kilwa si alikuwa nacho?" Baba akasema ndiyo, mzee alikuwa nacho, na watu walimngoja kwa sababu alikuwa na mashamba. Kisha akamgeukia mwanawe akamwuliza anataka wafanye nini. Sudi akaanza kujibu, akakwama, na baba, kwa mapenzi yake yote, akammalizia.

Tulicheka wote wanne, hata Sudi. Ikabidi aanze tena.

Alichoomba ni kwamba simu za kutoka Tunduma zisiwekwe spika.

Barua ya shule niliiandika siku hiyo. Niliandika kwamba amehudhuria vikao vinne kati ya vinne, kwamba ameweka mpango wake mwenyewe na kwamba napendekeza arudi darasani. "Ameacha" sikuandika. Mwalimu mkuu alipiga simu kuuliza neno lake liko wapi. Nikamwambia mimi naweza kuthibitisha nilichokiona, na nilichokiona ni mahudhurio. Alisita, akampokea. Ningekuwa na ujasiri zaidi ningempigia mimi kabla, wiki ya kwanza, badala ya kungoja siku ya barua. Wiki mbili za kusimamishwa zilikwisha kikao cha tatu hakijafika, na Sudi alipoteza vipindi vya wiki nyingine mbili kwa sababu ya neno moja ambalo nilijua tangu mwanzo kwamba sitaliandika.

Kosa lingine nimeshalieleza, lile la "marafiki". Nimejiuliza ingekuwaje kama asingesema. Angehudhuria vikao vinne vya adabu, angesema sawa kila nilipohitaji sawa, na kwenye ripoti angehesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa.

Miezi mitatu baadaye

Utaratibu wetu ni kupiga simu baada ya miezi mitatu. Sudi alinitangulia. Vijana wenye kigugumizi simu hawazipendi, huandika ujumbe, kwa hiyo namba yake ilipoita nilidhani ni mama. Alichukua muda kulifikia jina langu, nikamwacha alifikie. Aliniita dada, siyo madam.

Tulirudia maswali ya ASSIST palepale. Anavuta mara moja au mbili kwa mwezi, siku za mechi kubwa: alama 3. Hamu inamjia kama kila mwezi: alama 4. Tatizo lolote, hakuna. Kushindwa kutimiza majukumu, hakuna, na kipindi cha Kiingereza anaingia. Kuna mtu ameonyesha wasiwasi? Mama anamnusa mpaka leo: alama 6. Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? Ndiyo, akasema. Ule mpango wa Jumatatu hadi Alhamisi ulimshinda wiki ya pili na ya tano, akauanza upya: alama 6.

Tatu na nne, saba. Na sita, kumi na tatu. Na sita, kumi na tisa.

Fomu tunayojaza kila mwezi ina safu mbili tu kwa kila kijana, alama za mwanzo na alama za mwisho. Nilijaza 19 na 19. Safu ya maelezo haipo, nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi kwamba zile sita za mwisho ni za kijana aliyejaribu. Siku mbili baadaye fomu ilirudishwa mezani kwangu, pembeni pamefutwa kwa raba, na kikaratasi kimebanwa juu yake kikiniomba nihakiki hesabu.